Kaka kapewa cheti cha ushujaa, mimi namuuguza mama, mbona naumia?

Shikamoo Shangazi,

Naomba unifiche jina maana ndugu zangu wanakusoma.

Mi ni wa katikati kwetu, juu yangu kuna kaka na chini yangu mdogo wetu wa kike, ameolewa anaishi mbali. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakapotea, sa hivi anaongea machache na mengine unabahatisha tu anataka nini. Wakati huo mimi ndo nilikuwa sijaolewa, nina kazi na nimepanga chumba changu, kikao cha familia kikaamua nirudi nyumbani "kwa muda tu mpaka mama akae sawa". Huo muda mpaka leo haujaisha, ni miaka. Kazi niliacha, chumba nilirudisha, hata mtu niliyekuwa naye alichoka kusubiri. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Mnyamwezi wa kwetu ni mimi.

Siku yangu iko hivi, naamka kabla yake, namgeuza, nambadilisha pampasi, namuogesha kitandani, nampaka mafuta kila sehemu iliyolaliwa, namlisha taratibu kijiko kwa kijiko maana akiharakisha anapaliwa mpaka macho yanatoka, dawa za presha, mazoezi ya mkono, kumkalisha, kumlaza, kufua. Usiku ndo kabisa, nikipitiwa tu na usingizi anaita, na anavyoita siyo jina langu Shangazi, anaita jina la kaka. Mimi naamka nakwenda.

Sasa mvua zilizopita mto ulifurika. Kaka alikuwa anapita akakuta watoto wawili wamesombwa wameng'ang'ania kwenye mti katikati ya maji, watu wamejaa ukingoni wanapiga kelele na wengine wanarekodi, yeye akavua viatu akaingia, akamtoa wa kwanza akarudi kumtoa wa pili. Klipu ilisambaa kila mahali. Kwakweli nilivyoiona nililia, nilijua angeweza kufa pale pale. Akaandaliwa sherehe, akapewa cheti, hotuba, picha. Tulimpeleka mama na kiti chake cha magurudumu, mgeni rasmi akasema mama huyu ana bahati ya kuzaa shujaa, ukumbi mzima ukapiga makofi, mi nipo nyuma ya kiti nimeshika kitambaa namfuta mate. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mi ni nani.

Tangu siku hiyo kuna kitu kimekaa kifuani hakitoki. Kaka akija anakaa kidogo, anapiga selfi na mama, anaposti, watu wanaandika "shujaa na malkia wake", afu anaondoka. Nikimwomba anisaidie hata usiku mmoja anasema "mdogo wangu we unaweza zaidi, we ndo shujaa wa mama". Majirani nao hivyo hivyo, "wewe ni shujaa, Mungu atakulipa". Zamani nilikuwa nasema amina, sa hivi nikilisikia hilo neno nasikia hasira mpaka mikono inatetemeka. Nikamwambia mama mkubwa, akanijibu nina wivu, na nikimsema kaka wakati huu watu watajua nina kijicho.

Shangazi, je nina roho mbaya? Ntamwambiaje mtu ambaye kila mtu anamuona shujaa kwamba nyumbani hanisaidii? Na hiki ninachofanya, kina maana yoyote au ni maisha yangu tu yanapita?

Ni mimi Dada wa Katikati.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako jana usiku na asubuhi nikairudia, nimeamua niijibu kwa urefu maana najua mko wengi mnaoishi hivi na hamuandiki.

La roho mbaya tulimalize haraka. Mwenye roho mbaya angetamani kaka asingefanikiwa, wewe ulilia kwa kuogopa angekufa. Kilichokuumiza ni kwamba siku ambayo watu wamekusanyika kusema mema ya familia yenu, kazi yako ilikuwa mbele ya macho yao kabisa, mama yuko msafi kakaa kwenye kiti, na hakuna aliyejiuliza nani kamvalisha. Yeyote angeumia. Mama mkubwa amekuonea.

Na alichofanya kaka tukipe heshima yake yote. Kuingia kwenye maji ya mafuriko ni kuweka roho rehani, watu wengi wamezama wakijaribu kuokoa wenzao, ndo maana wanaofundisha uokoaji wanasema kama kuna kamba au fimbo ndefu au dumu tupu mtupie kwanza anayezama ashike, kuingia mwenyewe iwe ya mwisho kabisa. Yeye aliingia mara mbili. Usimruhusu mtu yeyote, hata moyo wako ukiwa na hasira, akushawishi uidharau siku ile ili ya kwako ionekane. Huihitaji hiyo.

Ila nikueleze kwa nini yake ina cheti na yako haina, maana hili halikuanza kwenu. Mwaka 1904 kule Pittsburgh, Marekani, tajiri wa chuma Andrew Carnegie alianzisha mfuko wa kuwapa medali raia wa kawaida wanaohatarisha maisha yao kuokoa wengine. Ilikuwa baada ya mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Harwick, Januari mwaka huohuo, watu zaidi ya 170 walikufa, na wawili kati yao walikufa kwa kuingia kuokoa wenzao. Medali hizo zinatolewa hadi leo na ni jambo jema. Sasa angalia masharti yake: lazima uwe umehatarisha maisha yako mwenyewe kupita kawaida, na kama uliyemuokoa ni ndugu yako wa karibu hupewi, isipokuwa uwe umekufa au umeumia vibaya sana. Rudia kuisoma hiyo mwanangu. Ukimfanyia mgeni ni ushujaa, ukimfanyia mama yako ni wajibu, mpaka ufe ndo wakufikirie. Mi sisemi walikosea, medali lazima iwe na mpaka mahali fulani, nasema tu kwamba kipimo hicho kimo vichwani mwa watu wengi hata wasiowahi kumsikia Carnegie, na mgeni rasmi wenu alikuja nacho.

Halafu mwaka 2004 watafiti wawili, Selwyn Becker na Alice Eagly, wakaandika kuhusu ushujaa wa wanawake na wanaume. Kwenye medali za Carnegie walikuta wanawake ni kama 9 tu kwa kila 100. Wangeishia hapo ungesema basi wanawake ni waoga. Lakini wakaangalia na watu wengine: waliotoa figo wakiwa hai wampe mtu, waliowaficha Wayahudi wakati wa utawala wa Wanazi, waliojitolea kwenda kutibu watu nchi za mbali. Huko wanawake wakawa sawa na wanaume na pengine kuwazidi. Fikiria huyo wa figo, anapimwa, anasubiri, ana wiki nyingi za kubadili mawazo, analala usiku anajua atakatwa akiwa mzima wa afya, na asubuhi bado anasema ndiyo. Huo ni ujasiri ambao hauenei kwenye klipu. Watu hushangilia kinachoanza na kuisha wakiwa wamesimama pale pale, na wewe jambo lako halina mwisho wa kupigia makofi.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Australia aliitwa James Harrison, alifariki mwaka 2025, huwa namfikiria sana. Alipokuwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua akaongezewa damu nyingi ya watu asiowajua, akaahidi akifika umri na yeye atatoa. Akaanza mwaka 1954 akiwa na miaka 18, na ikaja kuonekana damu yake ina kingamwili adimu inayotumika kutengeneza dawa ya kuwakinga watoto tumboni pale damu ya mama na ya mtoto zinapogongana. Akatoa mpaka mwaka 2018, zaidi ya mara 1,100, na Australia wanakadiria imesaidia watoto milioni 2.4. Na sindano alikuwa haipendi, alikuwa anageuza uso pembeni. Kukaa kwenye kiti, kunyoosha mkono, kurudi nyumbani, miaka zaidi ya 60.

Namleta huyu mzee kwako kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ndo ninayotaka uishike: hata yeye hakuruhusiwa kutoa kila siku. Ilikuwa plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, kila baada ya wiki mbili, manesi wanampima kwanza, anapumzika, na alipofika miaka 81 wakamwambia sheria ya umri imefika, inatosha. Watu waliokuwa wanamhitaji kuliko mtu yeyote ndo haohao waliohakikisha haumalizi mwili wake. Wewe nani kakuhesabia siku? Nani kakwambia wiki hii umetoa, wiki ijayo kaa?

Hapo ndo naielewa hasira yako. Unakumbuka mwaka 2020 wakati wa korona, watu nchi nyingi walikuwa wanatoka madirishani jioni kuwapigia makofi manesi na madaktari, mashujaa mashujaa, huku wengi wao hawana barakoa na magauni ya kujikinga ya kutosha. Uingereza walipiga makofi kila Alhamisi, halafu Machi 2021 serikali yao ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1 (kelele zikawa nyingi, baadaye ikawa 3). Shirika la Afya Duniani lilikadiria wahudumu wa afya kama 115,500 walikufa kwa korona tangu Januari 2020 hadi Mei 2021. Makofi yalikuwa ya kweli, sidhani waliopiga walikuwa wanafiki. Ila makofi hayawezi kuvaliwa usoni.

Kaka yako akisema "we ndo shujaa wa mama" anakulipa kwa neno ili asilipe kwa usiku wake. Pengine hata hajui kama anafanya hivyo. Majirani nao wanakuombea kwa Mungu kazi ambayo mmoja wao angeweza kuipunguza kwa saa mbili Jumamosi. Ukishaitwa shujaa ni kama umeshaambiwa hutachoka, na shujaa akisema amechoka watu wanashtuka. Mikono yako inatetemeka kwa sababu inajua hilo. Kuanzia leo mtu akikuita hivyo mjibu kwa upole kabisa, "asante, unaweza kuja kukaa naye Jumamosi saa nne mpaka saa sita?" Usifanye kwa kumkomoa, uliza kweli, kuna watakaosema ndiyo, walikuwa hawajui tu waanzie wapi.

Na kile kikao, mbona kilikuchagua wewe. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 kwamba kazi za kuhudumia watu zisizolipwa, asilimia 76.2 ya saa zake zinafanywa na wanawake. Sikwambii ukawatupie takwimu usoni, nakwambia ili ujue kwamba hukuchaguliwa kwa sababu "unaweza zaidi". Ulikuwa binti asiye na mume, mkono wa karibu.

Sasa kaka. Usimkabili siku kaja na simu mkononi na usiongelee kwenye grupu la familia, huko atajitetea mbele ya watu na mama mkubwa ataingilia. Mwite peke yake. Usianze na cheti, usianze na selfi, usiseme "wewe kila siku". Kabla hajaja chukua karatasi uandike siku moja nzima ilivyo, tangu unapoamka, saa ngapi umegeuza, saa ngapi umelisha, usiku umeamka mara ngapi na kwa nini. Usipambe, andika tu. Halafu mpe aisome mwenyewe, nyamaza mpaka amalize. Kisha mwambie jambo moja tu, "kaka, nahitaji Ijumaa na Jumamosi usiku ziwe zako, kila wiki". Ombi la jumla kama "nisaidie na wewe" linajibiwa kwa sifa, ombi lenye siku na saa linajibiwa ndiyo au hapana, na akisema hapana angalau umeisikia.

Ila nikwambie kitu ninachokihisi, naweza kuwa nimekosea lakini kifikirie. Inawezekana kaka anaogopa. Mtu anaweza asiogope maji akaogopa mwili wa mama yake mgonjwa, kumwona aliyemlea anatokwa mate, hajui amshike wapi, anaogopa kumuumiza, na kumuogesha mama yake mzazi ni aibu kwake na kwa mama. Mtoni hakupata muda wa kuogopa, hapa kila akija anapata nusu saa nzima. Kwa hiyo mgawie yanayowezekana. Kumuogesha na pampasi baki nazo wewe au mumtafutie mama msaidizi wa kike ambaye kaka atamlipa, yeye achukue kugeuza usiku, dawa, mazoezi ya mkono, kliniki.

Na mfundishe kwa mikono. Namna ya kutandika shuka dogo chini ya mgongo na nyonga ili wawili wamvute bila kumburuza. Kwamba anayeshinda kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, labda wataalamu wake wamewapangia vingine, na kila ukigeuza unaangalia visigino, nyonga na pale juu ya makalio kama ngozi imeanza kuwa tofauti. Kwamba anapokula anakaa wima, siyo nusu kulala, na akimaliza humlazi kwanza, anakaa kama nusu saa. Wewe unayajua haya mpaka unasahau kwamba ni ujuzi. Yeye hayajui.

Umeniuliza kama kina maana. Kidonda cha kulalia kikianza kinaweza kuchimba mpaka mfupa, uchafu ukaingia kwenye damu, mtu akafa nacho. Na mtu wa kiharusi akipaliwa, chakula kinaingia kwenye mapafu, nimonia, na hiyo huwaua wengi sana wenye ugonjwa huu. Ile mikono yako ya mafuta na kile kijiko cha taratibu ndo vimesimama katikati ya mama na hayo mambo mawili, asubuhi na usiku, kwa miaka. Kama mama yuko hai na ngozi yake ni nzima, amefikishwa hapo na mtu.

Halafu lile jina. Hili nimeliwaza kuliko yote kwenye barua yako. Mama amepooza kulia na amepoteza maneno, maana yake kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakaa. Wanaobaki hivyo mara nyingi anataka kusema kiti linatoka meza, anamwita huyu linatoka jina la yule, na wengine hushikwa na jina moja au neno moja tu ndo linalokubali kutoka. Mama anapoita usiku anahitaji kugeuzwa au maji, na anajua kwamba anayekuja ni wewe. Jina limepotea njia kati ya kichwa na mdomo, sidhani kama kakusahau. Jaribu hivi, ukifika mshike ule mkono mzima umwambie jina lako polepole akiwa anakuangalia usoni, bila kumkosoa. Na kliniki ulizia mtaalamu wa tiba ya usemi, hata baada ya miaka wapo wanaopata maneno machache ya kuongezea.

Mwisho ni wewe mwenyewe. Nenda upime presha yako na huo mgongo, unanyanyua mtu mzima kila siku. Ukiona umeanza kumkaripia mama au mkono umekuwa mzito kwake, hakikisha yuko salama, ametulia kwenye mito, toka nje ya chumba upumue kisha urudi. Hiyo ni dalili umezidiwa na inatokea kwa waliochoka, ila usiiache ikue, siku inapotokea ndo siku ya kupiga simu kwa kaka na kwa mdogo wako aliyeolewa. Yeye yuko mbali lakini pesa haina umbali, achangie msaidizi. Na anza kuulizia kazi, hata ya nusu siku. Siyo lazima usubiri mpaka mama akae sawa.

Kaka akikubali Ijumaa, usiku wa kwanza kaa naye, mwonyeshe. Wa pili usilale humo ndani, nenda kwa rafiki, maana ukilala chumba cha pili utaamka kila mama akikohoa na kaka ataendelea kulala. Mwambie akikwama akupigie simu, wewe usimpigie. Akikuta kuna kitu hakijui atauliza.